Duka la Kuchapa, Barabara ya Kumi na Tatu

Mashine yangu ni moja, na siku za mvua hutafuna karatasi.
Ukurasa mweusi mia mbili, wa rangi mia tano.
Nipo Ngamiani, mkono wa kushoto ukimpita fundi baiskeli.
Watu huja na maneno yao kwenye madaftari,
kwenye viganja, nyuma ya risiti za umeme,
nami huyapiga chapa.
Yakiwa yamepotea njia, huyarudisha.

Mimi si mwalimu. Niliishia kidato cha nne.
Lakini sikio ninalo.

Karani wa chama cha kuweka na kukopa alileta tangazo:
Wanachama wote mfike mapema kula.
Wangekuja na sahani! Nikaitia ere yake pale katikati,
akasema, "Dada Mwajabu, si yale yale?"
Uchaguzi uliopita, nikamjibu, kweli yalikuwa yale yale.

Mama Sefaya alitaka kadi mia tatu za harusi:
Mnakaribishwa kwenye kalamu ya mwanetu.
Nikawaona wageni kwa foleni, na njaa zao, wakingoja kutia sahihi.
Na chini yake: Mahari, ukumbi wa shule, saa kumi jioni.
Ukumbi nao uolewe?
Alicheka mpaka akakalia rimu ya karatasi.

Ndipo nikabandika ukutani, juu ya soketi:

*Kalamu huwa na wino, karamu huwa pilau,*
*Kura si kula vinono, usije ukasahau,*
*Ulimi usiwe mno, mwepesi wa kudharau,*
*Soma tena lako neno, mara mbili angalau.*

Mstari wa tatu niliuandika kwa ajili yangu.

Wanaotaka Kiingereza ndio hunitoa jasho.
Kijana wa Makorora, akiomba kazi ya ulinzi,
alichanganya neno la anayetoa na la anayepokea.
Wenzetu wana mawili, kila mmoja na lake.
Sisi ni azima tu: nimeazima sufuria,
na jirani asiyetuona hajui
mkono upi ulinyooshwa, upi uliofunguka.
Nilimrekebishia, huku nikiuonea fahari umaskini wetu.

Jumanne akaja Semkiwa, mponda kokoto wa Pongwe,
suruali imebanwa kibanio cha baiskeli, nyusi nyeupe kwa vumbi.
Barua ameiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa:

Mheshimiwa Hakimu,
naomba thamani ya mwanangu Hoza
aliyeko rumande tangu Ijumaa.
Thamani yake ninayo. Hati ya shamba, na watu wawili.

Kidole changu kilishafika kwenye kitufe cha kufuta.
"Soma," akasema, "nisikie inavyosikika."
Nikasoma kama ilivyo.
Akatikisa kichwa polepole. "Hivyo hivyo."

Nje, fundi alikuwa anajaza upepo.
Nilitaka kumwambia: baba, ulichoandika ni kingine,
ni uzito wa kitu machoni pa mtu,
na mahakama haina mizani hiyo.
Wao wanataka lile neno jingine,
lenye mhuri wa mtendaji na vivuli vya vitambulisho.
Nilitaka pia kuiacha.
Nani amewahi kumwomba hakimu jambo kubwa kuliko hilo?

Lakini nikamfikiria karani wa dirishani,
anavyoirudisha barua kwa ncha ya vidole,
na Hoza akilalia sakafu usiku mwingine.
Te nikaifanya de. I nikaifanya a.
Mara mbili, kwa sababu neno lilikuwa mara mbili,
na la pili liliniuma zaidi.

Hakuuliza nilichobadili.
Aliikunja barua ndani ya mfuko wa nailoni,
ile ya mkono akaisahau mezani; ninayo kwenye droo.
Akatoa noti iliyokunjwa mara nne.

"Dhamana yake shilingi ngapi?"

Mia mbili, nikasema.
Hapo sikusahihisha.